Jinsi ya Kupiga Kura ya Siri Mkiwa Watu Sita

Kwanza, fika. Dixville Notch ni mji mdogo ulio kaskazini kabisa mwa jimbo la New Hampshire, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada, na rais huchaguliwa Novemba, kwa hiyo vaa koti zito. Usiulize kituo cha kupigia kura kiko wapi. Fuata magari ya televisheni. Penye waandishi wengi kuliko wapiga kura, ndipo hapo. Ukikuta foleni, umepotea njia.

Pili, jiandikishe, na ukishajiandikisha usithubutu kupitiwa na usingizi. Sheria ya jimbo inauruhusu mji wenye wakazi wasiofika 100 kufungua kituo saa sita usiku na kukifunga mara tu kila aliyemo kwenye daftari anapokuwa ameshapiga kura. Irudie hiyo sehemu ya mwisho. Kila aliyemo. Ukibaki wewe na blanketi lako, kituo hakifungwi, na kamera zote zile zinakungoja wewe. Kama una safari, acha kura yako kwenye bahasha mapema. Halafu mgeni akisifu mwamko wa kisiasa wa mji ambao waliojitokeza ni asilimia 100, itikia kwa kichwa tu. Usimweleze nani alikuja kukugongea mlango saa tano na nusu.

Tatu, pokea cheo utakachopewa. Kituo hakijiendeshi: panatakiwa msimamizi, karani na wajumbe wa baraza la mji. Kabla ya uchaguzi wa 2020 desturi hii nusura ife kwa kukosa watu wa kujaza nafasi hizo, mpaka Les Otten, mwekezaji wa hoteli ya hapo, alipohamia na kuwa mkazi wa tano. Wakawa watano, wakasimamia, wakapiga, wakahesabu. Ukiwa na malalamiko dhidi ya maofisa wa uchaguzi, jiandikie barua.

Nne, heshimu saa. Tangu 1960 aliyetangulia kupiga kura alikuwa Neil Tillotson, mwenye hoteli ya Balsams. Alikuwa akiishikilia karatasi juu ya tundu la sanduku, macho kwenye saa ya mkononi, akiiachia usiku wa manane ulipotimia. Aliendelea hivyo hadi 2000, akiwa na umri wa miaka 101. Waandishi waliipenda hoteli ile kwa sababu ilikuwa na kampuni yake ya simu, na matokeo yasiyo na simu hayatoki nje ya bonde. Usitaje Hart's Location, mji mwingine wa jimbo hilo, ulioanza kupiga kura usiku wa manane mwaka 1948. Wenzako watakusikia, na mmo sita tu.

Tano, ficha kura yako. Hapa ndipo wengi huanguka, na wewe utaanguka, lakini tujaribu. Utaingia kwenye kibanda peke yako. Pazia litafungwa. Nje ya pazia patakuwa kimya, maana waliobaki wanasikiliza. Kujaza kiduara ni kazi ya sekunde moja. Kuandika jina la mtu asiyekuwamo kwenye karatasi kuna herufi nyingi, na kalamu ina sauti. Mwaka 2016 kura zilikuwa 8: Clinton 4, Trump 2, Gary Johnson 1, na moja ya Mitt Romney, ambaye wala hakuwa mgombea. Kama ni wewe, ulipaswa kuandika haraka.

Kwenye mchujo wa 2020 ilikuwa balaa zaidi. Michael Bloomberg hakuwa kwenye karatasi ya chama chochote, akaandikwa kwa mkono na akaongoza kwa Wademokrati na kwa Warepublican pia. Wapiga kura walikuwa watano. Novemba mwaka uleule Biden akapata 5 na Trump 0, na siri ikawa haina tena mwenyewe.

Lakini jipime kwa 2024. Daftari lilikuwa na Warepublican wanne na wawili wasiotaja chama. Matokeo: Harris 3, Trump 3. Wameingia wanne, zimetoka tatu. Hesabu hiyo haihitaji karatasi, kila aliyekuwa chumbani aliimaliza kabla namba hazijakauka ubaoni, kisha akaanza kutazama nyuso. Ukitabasamu, umejitaja. Ukinuna, umejitaja. Ukijitahidi usiwe na sura yoyote, wewe ndiye hasa.

Sita, jiandae kwa swali. Mwandishi atakusogezea kipaza sauti akuulize matokeo haya yanaashiria nini kwa taifa. Usimkumbushe kwamba mwaka 1960 mji huu ulimpa Nixon 9 na Kennedy 0, akashinda Kennedy. Wala kwamba 1968 ulimpa Humphrey 8 na Nixon 4, akashinda Nixon. Mwaka 2012 uligawanyika tano kwa tano, ukamnyima mwandishi hata ramli. Mwambie: "Tumetoa sauti yetu." Ataandika, atashukuru, ataondoka. Ukiongeza neno la pili, hilo ndilo litakalorushwa hewani.

Mwisho, nenda ukalale. Marekani iliyobaki haijaamka bado, na ninyi mmeshamaliza. Asubuhi wasalimie wote kwa sauti ileile, hasa wale wawili unaowashuku. Wao wanakushuku wewe, na kazi ya kukisia ni rahisi: toa kura yako, zinabaki tano.