Sifa za Mheshimiwa 4,294,967,297

Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, hazikosi wa kuzisifu. Leo nasimama kumsifu 4,294,967,297, aliyekula heshima ya utasa miaka 92 bila kuistahili hata siku moja.

Tuanze na nasaba. Ukizidisha pamoja 2 thelathini na mbili kisha ukajumlisha 1, umempata. Waliomtangulia katika ukoo huo, ambamo idadi ya 2 zinazozidishwa huanza na moja na kuongezeka maradufu kila kizazi, ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, tasa wote. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliwatazama hao watano akaamini kuwa ukoo mzima uko hivyo. Uthibitisho hakuwa nao, lakini nani amshuku wa sita katika nyumba ya wema watano?

Adabu anayo. Fermat ametuachia kipimo: ukizidisha pamoja 2 ambazo idadi yake ni pungufu ya namba tasa kwa moja, kisha ukagawa kwa namba hiyo, hubaki 1, isipokuwa namba yenyewe ni 2. Mpime mheshimiwa: anafaulu. Weka 3 mahali pa 2, anaumbuka papo hapo. Ustadi wake ni kuwajua wasiouliza swali la pili.

Ukarimu je? Namba tasa ya witiri ikiandikika kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, huandikika kwa njia moja tu. Yeye ana nyumba mbili: 65,536² + 1², iliyo wazi kwa kila mgeni, na 62,264² + 20,449², ambayo hakuitangaza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, hawakumjua huyu. Mwaka 1732 ndipo Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, Urusi, alipomkuta na vigawo vyake: 641 na 6,700,417. Euler huyo huyo alithibitisha kuwa kila kigawo cha mheshimiwa, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Basi namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Hesabu tano za kugawa! Karne nzima kasoro miaka minane alilindwa na uvivu wetu, naye hakutuaibisha kwa kututajia.

Hata uzeeni hajatubu. Kihesabio cha biti 32 katika kompyuta huishia 4,294,967,295. Mwingize humo mheshimiwa, kitazunguka na kumwandika 1. Wengine huficha shilingi. Yeye huficha bilioni nne.

Msimwite aliyeharibu ukoo. Baada yake hajapatikana tasa mwingine humo. Kila mdogo wake ambaye hukumu yake imeshatolewa amekutwa si tasa, kama yeye. Mila ya ukoo ameishika barabara. Wa kuulizwa wamepotokea wapi ni wale watano.