Jinsi ya Kumpisha Pengwini

Meza dawa ya kichefuchefu kabla meli ya kwenda Antaktika haijang'oa nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Mlango wa bahari wa Drake una upana wa kilomita 800 hivi na kuuvuka huchukua karibu siku mbili. Mawimbi yake hayamjui mheshimiwa: waziri na mpishi wote huenda msalani wakishikilia ukuta.

Kabla ya kushuka, utapewa brashi usugue soli za buti na kuchokoa kila mbegu iliyonasa mifukoni. Usinune. Antaktika ina aina mbili tu za mimea ya asili itoayo maua, na nyasi za kwenu zikiota pale, hakuna wa kuzing'oa.

Zamu ya kushuka nayo ingoje. Kanuni ya IAATO, chama cha wasafirisha watalii kilichoundwa mwaka 1991, ni watu wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu.

Sasa umefika kwa wenyewe. Kaa mita tano kutoka kwa pengwini. Akikujia, rudi nyuma. Ana njia yake, ameichimba kwenye theluji kwa kupita kila siku, kutoka baharini mpaka kwenye kiota cha kokoto, na tumboni amebeba chakula cha kinda: kamba wadogo wanaokipa hata kinyesi chake rangi ya waridi. Mguu wako ukizama thelujini, usiondoke hivi hivi. Lisukumie theluji lile shimo, ulishindilie kwa buti. Ndege mwenye kimo cha goti lako akitumbukia humo, huenda asitoke. Wala usikae chini kutafuta picha; homa ya mafua ya ndege imeshafika kule, na nguo zako zinaweza kuibeba.

Kwenye boti ya mpira, injini ikizimwa, funga mdomo. Vipande vya barafu vinavyoyeyuka hutatarika kama dagaa kwenye mafuta moto: ni hewa iliyobanwa humo miaka mingi ikitoka. Mlima wa barafu wenyewe utazame kwa mbali, maana sehemu yake kubwa imezama na unaweza kupinduka ghafla.

Ukimwona mwenzako anamnyatia kinda na simu mkononi, mkanye. Akikaidi, mwite kiongozi amrudishe melini, hata kama amelipia kuliko wote.