Msumeno wa Kumi na Saba

Hadi mwezi jana nilikuwa na misumeno ya mkono kumi na saba na meza moja inayoyumba. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umezidi wenzake kwa unene wa kidole. Kila tulipopata wageni hapa Kitale, mama watoto alikunja katoni, akaisukuma chini ya mguu wa jirani, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mwalimu, ile misumeno yako hukata nini?"

Haikati kitu. Ni ya kale. Inatunzwa.

Mtu mwenye maradhi haya hangeweza kupata mji mbaya kuliko huu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanajeshi wa Kiingereza waligawiwa mashamba Trans-Nzoia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, vifaa vya Sheffield na Philadelphia vikafika kwa mabehewa. Uhuru ulipokuja wengi wao wakafunga virago, na misumeno mingi ikabaki kwa waliokuwa wakiitolea jasho. Ikahamia stoo, kisha banda la kuku, na mwisho kwa muuza vyuma kuukuu, ambaye huiuza kwa kilo. Mizani haijui umri. Mwaka huo huo wa 1926, Kanali mmoja aliyeitwa Stoneham alianza kuonyesha vipepeo na vitabu vyake hapa Trans-Nzoia, na leo mkusanyiko wake ni makumbusho ya taifa yanayolipiwa kiingilio. Mimi nakusanya misumeno na naulizwa kama nalala vizuri.

Nakiri mwanzo wangu haukuwa wa kisomi. Msumeno wa kwanza ulikuwa na nishani ya shaba kwenye mpini, ina tai na maneno "Warranted Superior". Mwaka mzima nilihubiri habari za kampuni kubwa ya Warranted Superior, hadi darasani. Kumbe hakuna kampuni hiyo. Ni sifa tu, watengenezaji waliibandika kwenye misumeno ya bei nafuu wasiyotaka kuitia jina lao. Ni sawa na kusifu kandambili zako kwamba zimeshonwa na Bwana Namba Nane.

Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya uharibifu wa minara ya umeme, misumeno yote ilihamia chini ya kitanda. Tulilala juu ya ushahidi.

Halafu nikapata Disston. Henry Disston alizaliwa Uingereza mwaka 1819, akavuka kwenda Marekani akiwa kijana mdogo, na mwaka 1840 akafungua karakana yake Philadelphia. Huu wangu ulikuwa D-8, aina iliyoanza mwaka 1874, mgongo umebonyea kama wa ng'ombe mzee. Niliulaza kwenye siki ndani ya karai la kufulia (hilo ni shauri jingine, na bado halijaisha), nikausugua kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kibao, taratibu, upande mmoja. Wikendi ya tatu, chini ya kutu, ubavuni, ikatokea nembo ya kiwandani iliyochorwa kwa asidi, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa. Niliita nyumba nzima. Alikuja paka.

Yalibaki meno, maana yalikuwa butu kama ufizi. Nikaambiwa kuna fundi Bungoma anayejua kuyanoa kwa tupa ya pembe tatu na kuyapinda moja kushoto, moja kulia. Nikaufunga msumeno kwa gazeti la Jumapili, nikapanda matatu.

Tulipopita Kiminini nilisikia kitu kikidondoka, tik, tik, kama mvua inayojaribu bati. Kufika Kamukuywa viatu vyangu vilikuwa vimezama kwenye mahindi. Meno niliyokuwa nayapeleka kunolewa kwa sababu hayakati yalikuwa yamekata gunia la mama aliyekaa mbele yangu.

"Utalipa, baba," akasema. "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

Hapo mtu mwenye akili angetoa pochi. Mimi nikamweleza kwamba msumeno kama huu hukata mbele tu, unaposukumwa. Unaokata kwenda na kurudi ni ule wa kukatia magogo, wa watu wawili, na pengine ndio uliokuwa akilini mwa aliyetunga methali. Matatu nzima ikanyamaza. Makanga akatoa hukumu: gorogoro mbili za mahindi yaliyomwagika, na moja ya mdomo. Nililipa kabla ya Webuye.

Bungoma nayo, mtu akionekana na msumeno barabarani, watu hawaulizi anakwenda kujenga nini, hudhani ni jeneza. Kutoka steji hadi kwa fundi nilipewa pole mara nne. Mzee mmoja alivua kofia akauliza mazishi ni lini. Nikamjibu Jumamosi, ilikuwa rahisi zaidi.

Fundi aliupokea msumeno kwa mikono miwili, akaniambia nirudi saa tisa. Nikala, nikarudi. Meno yalikuwa yamesimama kama askari gwarideni. Akashika ubao wa saiprasi, akasukuma mara tano, kipande kikaanguka. Nilikaribia kulia. Kisha akaugeuza.

"Na hapa ubavuni palikuwa na uchafu umeng'ang'ana, mwalimu. Nimekupigia grainda. Hiyo usilipe, ni zawadi."

Uling'aa kama kioo. Niliiona sura yangu pale palipokuwa na nembo, na haikuwa sura ya mtu aliyepewa zawadi. Nikasema asante, kwa sababu alikuwa anatabasamu.

Nyumbani nilieleza kwamba nembo ikishafutika, mkusanyaji hana tena haja na msumeno. Mama watoto alisikiliza hadi mwisho, akaugonga kwa ukucha, ukalia kama kengele. "Kwa hiyo huu sasa ni msumeno tu," akasema.

Jumamosi niliporudi kutoka shambani nilikuta unga wa mbao sakafuni na kipande cha mguu, unene wa kidole, juu ya meza. Meza haiyumbi. Disston unaning'inia jikoni kwenye msumari, na nikiutaka, naomba ruhusa.