Mstari Usioshuka

Ofisini kwetu kuna mchoro wa kazi zilizobaki. Mstari wake unapaswa kuteremka taratibu kwa siku 14, kutoka juu kushoto hadi sifuri chini kulia. Wetu hulala bapa kama chapati siku 13, kisha Ijumaa jioni huporomoka kama dafu. Bosi akasema programu inayouchora ni mbovu. Fundi akaitwa.

Maskini fundi! Akakuta hakuna anayefunga kazi mpaka mkutano wa tathmini unukie. Kutwa watu "wanamalizia". Akakuta safu mpya iitwayo "Tayari Kidogo", ambayo programu haikuelezwa kama ni mwisho au mwanzo, nayo ikaamua ni mwanzo. (Mimi ningeamua hivyohivyo.) Kazi moja ilikadiriwa saa nane, na vipande vyake vitatu vikagawana saa nane zilezile, basi ikahesabiwa mara mbili. Siku ya tisa mstari ulipanda badala ya kushuka: bosi mwenyewe alikuwa ametupia kazi sita, "ndogondogo tu".

Kosa la mtambo lilikuwa moja. Seva ilifuata UTC, saa tatu nyuma ya Dar es Salaam, hivyo kazi iliyofungwa saa nane usiku iliandikwa jana yake. Ila kwetu nani hufunga kazi saa nane usiku?

Fundi akaandika ripoti ya kurasa mbili. Bosi akasoma aya ya seva tu, akaagiza tununue programu nyingine, yenye rangi zaidi.