Jinsi ya Kushindwa Kupika Sukari ya Mtama na Heshima Yako Ikabaki

Ulitafuna kota utotoni, utamu ukakukaa kichwani, na sasa una ekari moja ya mtama mtamu na wazo linalokunyima usingizi: nikamue, nichemshe, nipate sukari yangu mwenyewe. Sogea karibu nikunong'oneze. Sukari ya kuuza hutaipata. Wazo hilo limewahi kuwapata watu waliokuzidi elimu na mtaji, wengine wakibebwa na hazina ya serikali ya Marekani. Chembe walizipata, faida haikuonekana.

Lakini kushindwa nako kuna ufundi wake. Anayeshindwa ovyo hubaki na karai lililoungua na deni la mashine. Anayeshindwa kwa mpango hubaki na chupa za shira inayopitisha mwanga, majirani wakibisha hodi na vikombe mkononi. Twende hatua kwa hatua.

1. Shindwa mapema

Shindwa kabla hujatoa hata shilingi. Inatosha kujua kilichomo kwenye maji ya kota. Maji ya muwa yamejaa sukrosi, ile sukari inayoganda ikawa chembe. Maji ya kota nayo yana sukrosi, tena si haba, na hapo ndipo yanapokudanganya. Haiji peke yake: imefuatana na glukosi na fruktosi, ambazo huizuia isigande, imefuatana na wanga unaoifanya shira ivutike na kunenepa, imefuatana na asidi, ambayo kwenye moto huendelea kuivunja hiyo sukrosi iliyosalia. Kadiri unavyochemsha ili uikusanye, ndivyo unavyoipunguza. Kosa si lako. Mmea umeamua hivyo.

Wamarekani iliwachukua miaka arobaini kulikubali jambo hili. Mbegu za mtama mtamu wa Kichina ziliwafikia kutoka Ufaransa mwaka 1854, kupitia Ofisi ya Hataza, ambayo siku hizo ndiyo iliyoshughulikia kilimo pia. Muda mfupi baadaye Mwingereza mmoja, Leonard Wray, mtu wa mashamba ya miwa, akawapelekea imphee, mtama wa Wazulu alioukuta Natal, aina zaidi ya kumi. Afrika, basi, imo katika hadithi hii tangu mwanzo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, sukari ya Louisiana ikakatika, na wakulima wa Ohio, Indiana na Iowa wakageukia mtama kwa nguvu zote. Sensa ya 1860 ilihesabu takriban galoni milioni 7 za shira ya mtama. Kufikia 1879 zilikuwa zimefika milioni 28 hivi. Angalia vizuri: shira. Mkulima alikwisha elewa zamani. Waliobaki wakibisha ni wasomi.

Peter Collier, mkemia mkuu wa Idara ya Kilimo tangu 1877, aliamini kabisa kwamba mtama ungeilisha nchi yake sukari, na mwaka 1884 akachapisha kitabu kinene kuutetea, akiwa amekwisha ondolewa kazini. Aliyemrithi, Harvey Wiley, ndiye yule aliyekuja kujulikana kwa sheria ya usalama wa vyakula ya 1906. Yeye alijaribu kwa mitambo kamili huko Kansas. Badala ya kukamua, walikatakata mabua vipande vyembamba na kuyaosha kwa maji moto ndani ya matangi yaliyofuatana, kama ilivyofanyika kwa viazisukari. Pale Fort Scott, mwaka 1887, walipata takriban tani 100 za sukari, na watu wakashangilia. Wakati huo Marekani ilikuwa ikila zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Muda si mrefu viazisukari vikaichukua nafasi yote, na mitambo ya mtama ikanyamaza.

Kwa hiyo wewe ukishindwa leo, unaingia kwenye kundi la watu wazito. Jivunie.

2. Usinunue kitu chenye mabomba mengi

Atakuja muuzaji na picha ya mtambo wa ombwe. Ni mtambo wa heshima sana, na babu yake ni kazi ya Norbert Rillieux, mtoto wa New Orleans aliyesoma Paris, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliyepata hataza zake mwaka 1843 na 1846. Alifungia maji ya miwa ndani ya vyombo vilivyoondolewa hewa ili yachemke kwa joto dogo, kisha mvuke wa chombo cha kwanza akautumia kuchemsha cha pili, na wa cha pili kuchemsha cha tatu. Kuni zilipungua sana na sukari haikuungua. Viwanda vya sukari duniani bado vinafuata njia hiyo.

Ila ni mali ya kiwanda kinachosaga miwa usiku na mchana kwa miezi. Wewe una ekari moja. Msikilize muuzaji, mpe chai, msindikize.

3. Tafuta sinia, achana na sufuria

Hapa ndipo pesa yako iende, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, maana shira nyingi mbaya nilizoonja ziliharibiwa na umbo la chombo.

Watu wa zamani walipikia kwenye vyungu vya chuma vya mviringo vilivyopangwa mstari juu ya tanuri moja, wakihamisha maji kwa upawa mrefu kutoka chungu hadi chungu. Chungu kina kina kirefu. Maji ya chini yanaungua, ya juu bado mabichi, na kila saa inayopita rangi inazidi kuwa nyeusi na ladha chungu. Mwaka 1858 mtu wa Ohio aitwaye Cook akapata hataza ya sinia bapa, na karibu kila sinia la shira ulionalo leo limezaliwa na lile.

Lichore kichwani. Sinia refu limelazwa juu ya tanuri la mawe na udongo. Ndani yake kuna viambaza vifupi vinavyokatiza upana wake, kila kimoja kikiacha mwanya upande mmoja tu: hiki kulia, kinachofuata kushoto. Pipa la maji ya kota limekaa juu kidogo, na bomba lake limefunguliwa nusu. Maji yanaingia upande mmoja yakiwa ya kijani, yanazunguka kulia, kushoto, kulia, kina chake kisizidi vidole viwili vitatu, na yanapofika upande wa pili yamekuwa shira. Huhamishi kitu. Moto uko katikati, kingo zimepoa kidogo, kwa hiyo povu linasukumwa lenyewe hadi pembeni na kukusubiri pale. Hiyo ndiyo njia ya mkato bora kuliko zote katika kazi hii, na imehalalishwa kwa hataza.

Fundi wa mabati yeyote mzuri wa mtaani ataweza kulitengeneza ukimchorea. Mwambie atumie chuma kisichoshika kutu. Akikushawishi kwa mabati ya kuezekea kwa sababu ni rahisi, kataa: maji ya kota yana asidi, yatakula zinki ya mabati na kuiingiza kwenye chakula cha watoto. Chuma cha kawaida kitaifanya shira kuwa nyeusi. Shaba nyekundu inapendeza na wazee wa Marekani waliipenda, lakini inadai isuguliwe ing'ae kila mara kabla ya kutumika, nawe najua utachoka siku ya pili.

4. Kuwa mvivu kwa wakati wake

Anayetafuta sukari ya chembe hana raha. Lazima akate kota na kuikamua haraka, maana kila saa baada ya kukatwa sukrosi inazidi kuvunjika. Wewe unatafuta shira, na kuvunjika huko kunakufaa, kwa kuwa shira yenye sukrosi nyingi mno huganda ndani ya chupa. Kwa hiyo kata mashuke, pukusa majani, kata mabua, yalaze kivulini, nenda harusini. Ukirudi baada ya siku tatu nne, hujapoteza kitu. Umepika kwa kulala.

Kukamua hakuna siri: rola tatu za chuma zinatosha, ziwe zinazungushwa na injini ndogo au na mnyama aliyefungwa kwenye boriti ndefu. Makapi yaanike, ndiyo kuni zako za kesho. Wanaopika sukari guru ya miwa magharibi mwa Kenya wanalijua hilo vizuri.

Kisha uvivu wa pili. Maji yakishakamuliwa, yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye pipa, uondoke. Saa mbili au tatu. Wanga utazama chini wenyewe, mweupe, kama tope laini. Fungua bomba lililowekwa juu kidogo ya kitako cha pipa, uchukue maji ya juu, mashapo uyaache. Usiyaache maji hadi kesho yake, yatachacha. Ukiwa na haraka ukaruka hatua hii, wanga utaiva pamoja na shira na utapata kitu kinachotetemeka kijikoni.

Na kama kimekwisha tetemeka? Kuna dawa, na mama yeyote anayepika togwa anaijua: kimea. Kimea hukata wanga. Acha shira nusu iliyopikwa ipoe hadi iwe moto usiochemka, kiasi cha nyuzi 60 hivi, tia unga kidogo wa kimea, ngoja, kisha chuja na urudishe motoni. Ukikitia kwenye maji yanayotokota utakiua na hakitafanya kazi.

5. Shika upawa wa povu, usimpe mtu

Kazi zote za tanuri mgawie yeyote unayemtaka: kuni, kukamua, kuosha chupa. Upawa ni wako. Maji yakianza kupata moto yatatoa povu la kijani, zito, lenye harufu ya majani mabichi. Hilo ndilo uchungu na weusi wa shira. Liengue lote kabla halijachemka likarudi ndani, na uendelee kuengua hadi povu ligeuke la manjano, kisha jeupe jembamba. Anayeengua ndiye anayeonekana fundi, na wageni watapiga picha upande huo.

Povu lililoenguliwa, lichimbie shimo mbali na njia. Katika milima ya Kentucky na Tennessee, ambako shira ya mtama bado inapikwa kila vuli na kuliwa na siagi kwenye mkate, shimo la povu limewatumbukiza wengi gizani.

6. Acha mapema kuliko unavyotaka

Tamaa itakwambia uongeze dakika tano. Usikubali. Pima kwa kipimajoto: chemsha maji ya kawaida kwanza, soma kiwango, kisha ongeza nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Hapo ndipo shira imeiva. Mombasa au Tanga hiyo itakuwa 108 hadi 110. Nairobi, ambako maji huchemka karibu nyuzi 95, itaiva kwenye 103 hivi au juu kidogo, na anayefuata namba ya pwani huko atapata peremende. Ipua, chuja tena, ipoze haraka kwa kuikoroga kwenye vyombo vipana, maana shira inayokaa moto inaendelea kujipika na kuwa nyeusi. Ifunge kwenye chupa ingali ya moto kiasi.

Chagua chupa nyeupe. Anayeficha shira yake kwenye galoni la plastiki lisilopitisha mwanga ana sababu.

7. Mgeni akiuliza, "Na sukari iko wapi?"

Atauliza, hasa shemeji. Usijitetee. Tangu mwanzo uliweka pembeni chupa moja uliyoipika ikawa nzito kidogo, kutoka kwenye kota uliyoikamua siku ileile ya kuikata, ukaipandia chembe chache za sukari ya dukani na kuiacha penye joto. Baada ya wiki kadhaa huenda ikashika chembe chini. Ikishika, mwonyeshe, mwache aigeuze kwenye mwanga, kisha mwambie kwamba Idara ya Kilimo ya Marekani nayo iliishia karibu na hapo hapo. Isiposhika, mpe mkate na shira, kinywa chake kitakuwa na shughuli.

Mwishoni fanya hesabu moja tu. Kwa kawaida lita 8 hadi 10 za maji ya kota hutoa lita moja ya shira iliyoiva. Anayekuahidi lita moja kwa kila lita tatu anakuuzia maji matamu, na yatachacha kabla hujamaliza chupa ya kwanza.