Farasi Wangu Hamsini Walishukia Wapi?

Jamani nisaidieni, maana nyumbani sisikilizwi na kijiweni nachekwa. Nataka kubadilisha gari. Basi. Sijasema naongeza mke. Sijasema nauza kiwanja cha ukoo. Nimesema gari. Lakini tangu nilitamke neno hilo, kila mwenye mdomo Tabata nzima ana la kusema, isipokuwa mwenye gari, ambaye ni mimi.

Ninayo Altezza. Haya cheka, umalize, tuendelee. Namba B, ndiyo, B hiyo hiyo. Toyota waliitoa mwaka 1998, Wajapani wakaipa tuzo ya Gari ya Mwaka kwao huko. Wakaacha kuitengeneza 2005. Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Kwa hiyo ukiniuliza, mimi naendesha Lexus. Nilimwambia hivyo mlinzi wa hoteli moja ya mjini. Akaizunguka gari, akaitazama bampa iliyofungwa kwa waya, akasema mzee, mizigo inashushiwa mlango wa nyuma.

Siyo gari mbaya. Ina mambo yake tu. Dashibodi waliichora wakiiga saa ya mkononi ya kifahari, saa kubwa ya spidi na ndani yake visaa vidogo vidogo. Kwangu kinachofanya kazi ni cha joto peke yake, na chenyewe hakijui kushuka. Redio imezaliwa Japani, masafa yao ya FM enzi hizo yaliishia 90, stesheni zote ninazozipenda ziko juu ya hapo. Fundi akanifungia ekspanda. Tangu siku hiyo spika ya kulia inapiga taarabu, ya kushoto inahubiri. Taa ya cheki injini inawaka muda wote. Siku ikizima ndiyo naingiwa na wasiwasi.

Halafu kuna yule mama wa Kijapani. Ukiwasha gari tu, anazungumza kutoka chini ya dashibodi, sauti laini, adabu tele. Mimi miaka yote namjibu "marahaba". Juzi kijana wa kuosha magari akaniambia yule hasalimii, analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa. Sasa huyo naye. Yuko Tabata, barabara ya Japani anaitakia nini? Mimi naendelea kumwitikia. Nyumba nzima ndiye pekee anayenianza kwa heshima.

Kijana huyo huyo ndiye aliyeniharibia wiki. Nyuma ya gari yangu kumeandikwa RS200. Ndivyo nilivyoinunua. Na hapo kijiweni nimetamba nayo mpaka wauza kahawa wameikariri: RS200, injini waliyoshirikiana na Yamaha, farasi 210. Dogo akafunua boneti ili afute vumbi. Akanyamaza. Akaita wenzake. Wakanyamaza wote. Kisha akaniuliza, mzee wangu, hii nani alikuuzia?

Eti RS200 ina silinda nne, na ndiyo yenye farasi 210 ikiwa na gia za mkono. Yangu ina silinda sita, otomatiki, inaitwa AS200, farasi 160. Ile nembo ya nyuma mtu alibandika tu. Nikamwambia dogo, ngoja kwanza. Sita na nne, ipi nyingi? Darasa la kwanza wanajua hilo. Iweje wenye nne wawe na farasi wengi kuliko mwenye sita? Hakunijibu, akaendelea kufuta. Lakini mimi hesabu yangu iko palepale. Nililipia farasi 210. Nimelisha farasi 210 miaka yote hii, tena kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei ya mafuta nafuatilia nimeshika tama. Wamepatikana 160. Hao 50 walishukia wapi? Bandarini? Nani aliwapokea? Na walikuwa wanakula nini muda wote huo, maana tenki lilikuwa linakauka vilevile?

Basi nikasema yaishe, nibadilishe. Lakini nataka kitu cha jamii ileile. Milango minne, pua imeinama, ikiwashwa mtaa unageuka. Ndipo balaa lilipoanza.

Shemeji yangu ndiye mjuaji wa familia. Akasema chukua Mark X. Akanionyesha picha kwenye simu, ya mwaka 2012, nyeusi, inang'aa, imepigwa picha kwenye mvua huko Yokohama. Nikapenda papo hapo. Injini V6, cc 2500. Alama ya mnada 4, ndani B. Sijui 4 ya ngapi, lakini mimi shuleni sijawahi kupata B, nikaona hiyo gari imenizidi elimu. Bei yenyewe ya kuvumilika. Nikamwambia shem, agiza.

Shem akasema subiri tupige hesabu ya ushuru. Akaingia mtandaoni kwenye kalkuleta. Forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa, injini ikizidi cc 2000, asilimia 10. Isipozidi ingekuwa 5. Gari ikiwa na miaka 10 kwenda juu, asilimia 30 nyingine kwa kosa la uzee. Halafu VAT 18 inapanda juu ya mgongo wa hizo zote. Akashusha kidole mpaka chini, kwenye jumla. Nikamwambia shem, hiyo ni namba ya simu ya nani?

Nikauliza, kwani Wakenya wanafanyaje? Akasema Kenya hawana habari ya adhabu ya uzee, gari ikizidi miaka minane hairuhusiwi kuingia kabisa. Nikashukuru kuzaliwa huku. Huku mzee anaingia, ila analipia. Nikatulia nikaitazama tena ile picha ya Yokohama. Mpaka leo ndiyo picha ya mbele ya simu yangu. Mke wangu, Mama Zai, anadhani ni gari ya mtu mwingine, na kwa kweli ni ya mtu mwingine.

Jirani akasema achana na ushuru, tafuta iliyokwisha kutembea hapa hapa nchini. Ana rafiki anauza Subaru Impreza, ya bluu, ina tundu juu ya boneti. Nikampigia fundi wangu, nikamwambia njoo uikague. Fundi akaja, akainama, akachungulia, akachoka kabla hajaanza. Mzee, hii pistoni zake zimelala, zinapigana ngumi ubavuni. Plagi ziko kando huko, zimebanwa na chesisi, kuzifikia mpaka uwe na mkono wa mtoto. Nikamwuliza, sasa tatizo liko wapi? Akasema tatizo ni mimi, mkono wangu huu hapa, uone. Akauinua. Mkono ule ungetosha kuchezea draft. Tukaondoka. Kumbe mtu unachagua gari kwa kipimo cha kiganja cha fundi, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Tukaenda kwa Mjerumani. Kuna mkubwa mmoja anastaafu, anaachia sedani yake ya mwaka 2008, viti vya ngozi, imekaa chini ya mwembe na imefunikwa turubai. Bei ya kutupa. Na ukisikia bei ya kutupa, jiulize kwa nini hawajaitupa. Fundi akafungua boneti apime oili. Akatafuta kijiti cha kupimia. Hakukiona. Akawasha tochi ya simu. Akazunguka upande wa pili. Akanipa simu nimulike. Akavua shati. Adhana ya magharibi ikapigwa, bado tunatafuta kijiti. Mwenyewe akatoka na kikombe cha chai, ametutazama weee, halafu akasema taratibu kabisa: vijana, hiyo haina kijiti. Inapima oili yenyewe kwa kompyuta, inakuandikia pale ndani. Fundi akavaa shati. Njia nzima hakunisemesha. Tulipofika Tabata Relini akasema kitu kimoja tu: gari isiyoruhusu kushikwa oili, siku ikiugua itataka na tafsiri.

Crown sikuigusa. Niliambiwa ni ya vijana. Nikauliza kijana anaishia miaka mingapi, wakabadilisha mazungumzo.

Hebu kwanza tuambiane ukweli, mimi na wewe, wakubwa watupu. Gari ya spidi Dar unaikimbizia wapi? Asubuhi niko Mandela Road, mguu kwenye breki, silinda sita zinanguruma, bajaji inanipita kulia, bodaboda kushoto, muuza karanga ananipita katikati, akageuka kuniuliza kama nitanunua. Nikitoka nje ya mji ndiyo kabisa. Kibao cha 50, kichaka, na nyuma ya kichaka kuna afande na tochi. Nimepigwa 58. Elfu thelathini. Nikaangalia pembeni, treni ya SGR hiyo inapita, hadi kilomita 160 kwa saa, imebeba akina mama na watoto wao, wengine wamelala. Hakuna aliyeimulika tochi. Nikamwonyesha afande. Akasema ile ina reli, wewe una nini?

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na nembo ya RS200, na yenyewe ndiyo hiyo mnayoijua.

Na usidhani kuuza ya zamani ni rahisi. Nimeipiga picha nzuri, upande wenye afya, nikaisambaza kwenye magrupu. "Gari haina shida yoyote, ni kuweka mafuta na kuondoka." Akaja kijana mmoja, kapendeza, mkanda wa ngozi, nikasema huyu ndiye. Hakufungua mlango. Hakuwasha. Hakuuliza kilomita, na nilikuwa nimeziandalia maelezo. Akaenda moja kwa moja nyuma, akachuchumaa, akapapasa taa. Mzee, bei gani? Nikataja. Akashtuka. Hapana, namaanisha hizi taa.

Eti taa za nyuma za Altezza zina jina duniani. Ule mtindo wa kioo cheupe na miduara myekundu ndani uliigwa kila mahali, mpaka Marekani vijana walizifunga kwenye magari yasiyohusika, na taa yoyote ya namna hiyo wakaiita Altezza. Kwa hiyo gari yangu ina umaarufu wa kimataifa, ila uko wote makalioni. Akanipa bei ya taa mbili. Nikamwuliza, na kilichobaki? Akakitazama kilichobaki. Akasema, kilichobaki baki nacho tu mzee wangu, sina pa kukiweka.

Mama Zai alikuwa dirishani anasikiliza. Akasema kwa sauti ya kutosha kijiwe kizima: Baba Zai, IST.

IST! Injini cc 1300, au 1500 ukijikakamua. Siyo kwamba naidharau. Barabara nzima ni IST, ukipaki sokoni unafungua ya mwenzio. Spea zake zinauzwa mpaka kwenye duka la vocha. Haili mafuta. Fundi alipolisikia jina alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kwa Mjerumani, akautazama na mkono wake. Lakini mimi na silinda sita zangu, niingie kwenye IST? Mtaa utasemaje? Mama Zai akasema mtaa ulishasema siku nyingi, ni wewe tu hukuwepo. Akaniazimia ya jirani niijaribu.

Nikaitoa mpaka Mwenge. Nakiri inakata kona. Nikapaki pembeni nikanunua maji. Kabla sijafungua kizibo, mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia mama, mifuko minne, na mwamvuli. Kaka, Sinza, na washa AC. Nikamgeukia nimweleze. Akaniambia mbona unageuka, angalia mbele, nimechelewa kwenye kikao cha harusi. Simu yake ikaita. Nikamsikia anajibu: "Wewe dereva vipi, nishapanda, tumeshaondoka!" Basi tukaondoka. Ungefanyaje?

Na nikasema hapa hapa nimwonyeshe huyu mama kwamba yuko na mtu. Nikakanyaga. Kakaruka kweli, ka-IST kale. Tuta likaja sijaliona, mifuko ikapaa, mwamvuli ukafunguka. Mama akanipiga begani: "We kaka, taratibu! Unadhani unaendesha Altezza?"

Sikusema kitu. Nilimshusha Sinza, akanipa elfu nne, akanishauri niwe nachana nywele kabla ya kuingia kazini.

Nyumbani nikamkabidhi Mama Zai zile elfu nne, nikamsimulia, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Alifungua droo, akatoa daftari la Zai la hesabu, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Akaniuliza, kutoka Mwenge mpaka Sinza ni dakika ngapi? Na foleni je? Na ukianza alfajiri, kabla hazijapoa zile za wanaowahi ofisini, unaweza kupiga tripu ngapi?

Kwa hiyo wadau, gari imepatikana. Ni IST, nyeupe, ya mkopo, mkopo wenyewe ni wa kikoba cha kina Mama Zai. Jumatatu naanza saa kumi na moja. Kama unakwenda mjini nipigie mapema, na mifuko isizidi minne.