Bei Maelewano

Jirani yangu hapa Kimara anauza Subaru Impreza WRX. Ni namba D, lakini bei kaipigia hesabu ya namba E. Nikamuuliza kaipataje. Akafungua daftari: bei aliyonunulia, rimu, spika, bomba la muungurumo, taa za buluu, hata stika ya mwali wa moto. Vyote kajumlisha. Matairi yaliyobaki vipara, oili isiyobadilishwa tangu mwaka jana na klachi inayonuka havikupata mstari.

"Kaka, hii imetunzwa," akasema, akiubamiza mlango kwa mara ya tatu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la jirani halijiuzi, na tangu Jumatatu halitembei pia.